X Kwenye Ukuta wa Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa kuandika mabango hapa Mbinga mjini. Ukiona duka lina herufi zenye kivuli, nyekundu juu ya njano, na namba ya simu iliyobanwa mwishoni kwa kukosa nafasi, ujue mkono wangu umepita hapo. SALUNI YA WALEMBO ni mimi. KALIBU SUPU ni mimi. Hata ubao wa geti la shule ya wanangu niliuandika mimi, bure, kama mchango wa mzazi. Miaka kumi na miwili naandika na hakuna mteja aliyewahi kurudisha kazi. Sasa fikiria nilivyojisikia wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Juni, mwalimu mkuu aliponiita ofisini kwake kuniambia kwamba binti yangu mkubwa, wa darasa la tatu, hajui kusoma.

"Hajui kusoma nini?" nikamwuliza.

"Kusoma," akasema mama wa watu. "Chochote. Nikimpa kitabu anakitazama tu na kufunga mdomo."

Akanipa sharti. Shule ikifunguliwa Julai, atamwita mtoto ofisini asome aya moja mbele yangu. Akishindwa, anarudishwa darasa la pili. Na darasa la pili ndiko aliko mdogo wake, ambaye anasoma kila kinachopita mbele yake, hadi mfuko wa sementi. Wangekaa dawati moja, dada mtu na mdogo wake. Mkubwa alipoambiwa hakulia. Aliuliza tu kama itabidi abadilishe daftari. Lile swali liliniuma kuliko kama angelia.

Juni kwetu ni kahawa. Mtoto akibaki Mbinga likizo, atajikuta shambani Mbuji na ndoo kiunoni kuanzia asubuhi, na baridi ile, na jioni hana hamu hata ya kuona herufi. Mke wangu akasema, "Kahawa nitachuma mwenyewe na vibarua. Wewe washushe ziwani kwa mama. Huko kuna joto, kuna samaki, na hakuna cha kuchuma. Mfundishe mtoto." Kisha akaongeza, "Bila kupiga kelele." Ananijua. Mimi nina hasira, sifichi. Nikiona kosa sauti inatoka kabla sijaamua.

Basi tukashuka hadi Mbaha, mimi na mabinti wawili, na makopo yangu ya rangi, kwa sababu kule wenye mitumbwi huwa wananipa kazi ya kuandika majina ubavuni.

Hapa lazima nieleze jambo. Mimi na mama mkwe wangu hatuongei. Hatujagombana, tunaheshimiana. Kwetu mkwe ni mkwe: hukai naye jamvi moja, huli mbele yake, humtazami usoni, na zaidi ya yote hupandishi sauti mahali anapoweza kukusikia. Tangu nimwoe binti yake tunaamkiana kwa mbali, mimi nimechutama na kutazama pembeni, na mengine yote yanapita kwa mtu wa katikati. Likizo ile mtu wa katikati alikuwa mtoto yeyote aliyekuwa karibu. Mimi nimesimama upande huu wa ua wa matete, yeye anachambua usipa, dagaa wa ziwani, upande ule, hatua tatu hazifiki.

"Mwambie bibi yako naomba ukuta wa nyuma niufanye ubao."

Mtoto anageuka. "Bibi, baba anaomba ukuta."

"Mwambie baba yako nimesikia. Ukuta ni wake."

Mtoto anageuka tena. "Baba, bibi amesikia."

Tuliishi hivyo. Mimi nililala kwa shemeji yangu nyumba ya pili, mabinti wakalala kwa bibi yao.

Shule yangu niliianzisha kwa kishindo. Nilichora ratiba kwenye mfuniko wa ndoo, na mapumziko mafupi na marefu. Saa mbili kamili paredi, wanafunzi wawili kwenye mstari mmoja, kukagua kucha na kuimba wimbo wa taifa. Mdogo nilimpa ukiranja, siku ya pili akadai na uwalimu wa zamu, nikampa, maana alikuwa na hoja. Kuku wa bibi yao walikuwa wanapita katikati ya paredi na kiranja aliandika majina yao kwenye orodha ya wapiga kelele.

Somo kubwa lilikuwa imla. Mimi nataja neno, wao wanaliandika ukutani kwa mkaa, kila mtu upande wake. Kisha nasahihisha kwa rangi, maana rangi ndiyo nilikuwa nayo. Aliyepata namwekea vema. Aliyekosa namwekea X. Mdogo alijaza vema upande wake mpaka pakawa kama nyasi. Mkubwa maneno mengine aliandika vizuri tu, nikaanza kupata moyo, lakini kila nikimtajia neno la kukaribisha wageni anaharibu. Neno dogo, silabi tatu, neno ambalo mimi nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu. Jumatatu akaliharibu. Nikamwonyesha, akanyamaza. Jumanne akaliharibu vile vile. Jumatano nikamtajia taratibu, nikalikata vipande, akaniangalia muda mrefu, kisha akageukia ukuta akaliandika kwa herufi kubwa kabisa, kwa kosa lile lile.

Hasira zikanipanda hadi masikioni. Mdomo nikaufungua. Na hapo hapo nikasikia upande wa pili wa ua mama mkwe anakohoa.

Nikaufunga. Lakini hasira ikishapanda lazima itoke mahali, na mdomo ukiwa umezibwa inashukia mkononi. Nikachukua brashi ile pana ya kupakia mabango ya hoteli, nikaizamisha kwenye nyekundu, nikapiga X iliyoanzia chini ya bati ikaishia kwenye msingi. Ilikuwa X nzuri. Kama fundi nitasema ukweli, sijawahi kupiga mistari iliyonyooka vile. Kisha nikachukua kopo langu na ngazi, nikaenda ufukweni kuandika mitumbwi.

Huko njiani ndiko nilikoanza kuwapenda watu wa Mbaha. Mama mmoja aliyekuwa anageuza usipa kwenye kichanja, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, alisimama akaniamkia, "Shikamoo." Mimi nikaona haya, nikamjibu "Marahaba" kwa kupitiwa. Kijana akanibebea ngazi bila kuombwa. Mvuvi akanifungia samaki wawili aina ya mbasa kwenye jani akasema ni wa kwangu, niwakumbuke na wao. Nikasema nitawakumbuka. Nikajisemea, ama kweli watu wa ziwani wana utu, Mbinga mtu akuone na ngazi atakuuliza unaenda kuiba wapi.

Nikiwa katikati ya mtumbwi wa kwanza akaja mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwa mama mkwe, ambaye amejenga juzi kwa tofali za kuchoma. Akachutama pembeni yangu. Akanong'ona, "Samahani, kiongozi. Ya kijani huna?"

"Kijani imeisha," nikamwambia. "Nimebaki na nyekundu tu."

"Nyekundu kwa wote?"

"Nyekundu kwa wote. Ndiyo niliyoletewa."

Mzee akakaa chini kwenye mchanga. Nikadhani ni jua.

Kwa asiyejua, nchi hii serikali ikitaka kubomoa nyumba yako inakupigia X ukutani. X nyekundu maana yake umejenga pasiporuhusiwa, ondoka mikono mitupu. X ya kijani maana yake ondoka, lakini utalipwa fidia. Na kwenye mkutano wa kijiji mwaka uliotangulia walikuwa wametangaziwa kwamba hairuhusiwi kujenga ndani ya mita sitini kutoka ziwani. Tangu siku hiyo kila mtu Mbaha alikuwa anapima kwa miguu, na kila aliyepima alipata jibu lililomfaa.

Mimi hayo sikuyawaza hata kidogo. Nilimaliza mitumbwi mitatu, nikarudi alasiri na samaki wangu, nimefurahi, hasira imeisha.

Nikakuta watu wamejaa uani kwa mama mkwe. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, kanga kichwani, kama msibani. Vyungu, vitanda, kinu, picha ya marehemu baba mkwe, vyote viko nje. Shemeji yangu yuko juu ya paa anang'oa bati, keshatoa saba. Na mama mkwe mwenyewe amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, anatazama nyumba aliyozalia watoto wake wote. Hakulia. Kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni, kwa bahati mbaya, na nikatamani ardhi ipasuke.

Nilikuja kuelewa baadaye mambo yalivyokwenda. Jirani aliiona X akamwita mdogo, msomaji wetu, amwambie kilichoandikwa chini yake. Mdogo akasoma kwa madaha, "Karibu."

"Karibu nini?"

"Karibu tu. Imeishia hapo."

Jirani akaelewa kwamba bado kidogo. Habari ikatembea kijiji kizima: X imepigwa na imeandikwa karibu, wanakuja kubomoa. Walionijua waliulizwa inakuwaje mkwe wa mtu amwekee X mama mkwe wake. Wakajibu kwamba nimepata kazi serikalini kimyakimya, na nimeanza na nyumba ya mkwe ili nisionekane nina upendeleo. Hilo liliwaingia wote. Kuna waliosema hata wameniheshimu zaidi. Mama mkwe alijua ukuta ni wa shule, lakini X ya ukubwa ule hakuwahi kuiona kwa mwalimu, na kuniuliza mwenyewe hawezi.

Kabla sijafungua mdomo akafika mtendaji wa kijiji, dada mmoja kutoka Tanga, Kiswahili chake kimenyooka na daftari kubwa kwapani. Akauangalia ukuta. Akauliza kwa sauti ya ofisi, "Nani amepiga X hii?"

"Ni mimi," nikasema.

"Kwa mamlaka ya nani?"

"Ya mzazi."

Watu wakaguna. Ikabidi nieleze mbele ya umati, huku nikiutazama mguu wangu kwa sababu ya mama mkwe, kwamba ile si ya ubomoaji, ni ya imla. Mtoto alikosea neno nikamsahihisha.

"Alikosea vipi?" akauliza mtendaji.

"Nilimtajia aandike *kalibu*," nikasema. "Yeye akaandika *kalibu*."

Mtendaji akasubiri. "Rudia."

"Neno ni *kalibu*. Yeye kaandika *kalibu*. Ndiyo maana nikampigia X."

"Sioni tofauti."

"Hata mimi nashangaa, tofauti iko wazi ukutani pale."

Na umati, Mungu awabariki, wakawa upande wangu. Kimatengo changu na Kinyasa chao, ndimi zetu zote zimelelewa na L, hiyo nyingine tunaikuta shuleni na kuiacha huko huko. Mama mmoja kwenye mkeka akasema, "Jamani, *kalibu* si ni *kalibu*?" Mzee wa tofali za kuchoma akasema kama ni suala la neno tu, yeye anakubaliana na fundi, na kama kuna fomu ya kusaini iletwe.

Mtendaji akasogea hadi ukutani, akaweka kidole kwenye herufi ya tatu. "Mtoto ameandika KARIBU," akasema. "R. Hivi ndivyo linavyoandikwa. Wewe ulitaka aandikeje?"

"K, A, L," nikaanza. Nikasikia mwenyewe.

Nikakumbuka SUPU. Nikakumbuka geti la shule. Nikayapita mabango yangu yote kichwani, barabara moja baada ya nyingine, miaka kumi na miwili, na kila mahali pana L imesimama na kivuli chake. Wateja hawakuwahi kurudisha kazi kwa sababu nao walisema kama mimi.

"Na huyu mdogo?" mtendaji akauliza. "Mbona ana vema tupu?"

Mdogo akajibu bila aibu, "Kwa baba naandika L. Kwa mwalimu naandika R."

Mtendaji akamwita mkubwa. Alikuwa nyuma ya pipa la maji, mkaa bado mkononi. Akaja taratibu. Watu wote wakamwangalia.

"Mwanangu, usiogope. X hii ni ya nini?"

"Si ya nyumba," mtoto akasema. "Ni yangu."

Hakuna aliyecheka.

"Nikiandika ya mwalimu, baba anapiga X," akaendelea, kwa sauti ile ile, kama anatoa maelekezo ya njia. "Nikiandika ya baba, mwalimu anapiga X, na darasani wanacheka. Nikisoma hivyo hivyo. Nikinyamaza hakuna anayepiga."

Mwaka mzima, kumbe. Mtoto alikuwa anajua kusoma mwaka mzima, na alikuwa amechagua kufunga mdomo kwa sababu kila alipoufungua alikuwa amekosea kwa mmoja wetu. Mdogo wake alipata njia ya kutupendeza wote wawili. Yeye hakuweza. Alitaka neno liwe moja. Na Jumatatu, Jumanne na Jumatano alikuwa anajaribu kuniambia, kwa mkaa, kwa herufi kubwa zaidi kila siku, nami nikamjibu kwa brashi ya hoteli.

Nilikuwa bado natazama mguu wangu niliposikia sauti ya mama mkwe. Hakumwambia mtoto aniambie. Hakugeukia mtu wa katikati.

"Baba," akaniita. "Futa."

Ni neno la kwanza kuniambia mimi mwenyewe nje ya salamu. Wanawake kwenye mikeka wakashusha macho kana kwamba wameona kitu kisichofaa kuonwa. Nikasema, "Ndiyo, mama," nikachukua tambara na mafuta ya taa nikafuta hadi giza likaingia. Rangi ya mafuta haitoki kwenye plasta. Ilififia ikawa ya waridi, na iko pale hadi leo. Shemeji alirudisha bati, moja amelipanga kinyume na linavuja. Mzee wa tofali aliniomba siku nyingine, kwa siri, kama nitapata kijani nimpigie tu, isiwe tabu.

Siku zilizobaki shule iliendelea, ila mwalimu mkuu alibadilika. Mimi nilikaa juu ya ndoo, mkubwa akasimama mbele na kijiti, mdogo akabaki kiranja na kukagua kucha zangu, ambazo zina rangi haitoki, akaniandikia barua ya onyo. Mkubwa alinitajia imla. Alinifundisha kuweka ulimi. "Juu kidogo, baba, uache utetemeke." Nilitema mate kama pampu mbovu. Upande wa pili wa ua nilisikia mtu anacheka, na nilijua ni nani, na hakuna aliyemtuma mtoto kuja kuniambia kwamba hacheki.

Na mtoto akasoma. Kwanza ratiba kwenye mfuniko, kisha magunia, kisha tukaenda ufukweni akasoma mitumbwi yangu. "Baba, na hii pia," akasema mbele ya BALAKA. Niliirekebisha bure. Mwenye mtumbwi wa pili akakataa, akasema amekuwa akipata samaki kwa L na hataki niuguse.

Julai tukaingia geti la shule chini ya ubao wangu, KALIBU SHULENI KWETU, sisi wawili tukiutazama. Ofisini mwalimu mkuu akafungua kitabu, akamwonyesha aya. Ilikuwa habari ya mgeni aliyefika kijijini. Mtoto akaanza. Alisoma mstari wa kwanza, na wa pili, sauti ndogo lakini haina mikwaruzo. Wenyeji wakatoka nje kumpokea mgeni, wakamwambia.

Akasimama.

Hakuwa anaangalia kitabu. Alikuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anasubiri kuona nitafanya nini, na mwalimu naye kalamu nyekundu iko mkononi, na mtoto katikati yetu, kama alivyokuwa mwaka mzima. Nilikuwa nimeificha mikono nyuma ya mgongo. Sikujua la kufanya na uso wangu. Mwishowe nikamtazama mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akaweka kalamu mezani.

"Karibu," mtoto akasoma.

Akamaliza aya yote. Mwalimu mkuu akafunga kitabu akasema atabaki darasa la tatu, na kwamba kuhusu ule ubao wa getini walimu waliuona siku nyingi, ila waliona haya kuniambia kwa kuwa nilitoa bure.

Nikamshika mtoto bega. "Umesoma vizuli sana," nikamwambia.

Akaniangalia. Kisha akaichukua ile kalamu nyekundu mezani, akanishika kiganja, akanichorea X ndogo katikati, bila haraka, mistari imenyooka. Nikatoka nayo hivyo hivyo kwenda kutafuta ngazi ya kufikia ule ubao.